Pointi Sita za Takataka

Timu iliyofungwa Jumamosi huko Mathare ingeweza kumaliza wiki ikiwa juu ya ile iliyoifunga, bila fitina ya mezani wala refa kuhongwa. Wachezaji wake walishika sepetu na toroli, wakazoa taka za mtaa na kuzibua mitaro, kazi ikakaguliwa, na msimamo wa ligi ukawaongezea pointi 6. Ushindi uwanjani, hata kwa hesabu ya leo ya pointi 3, ni nusu ya hizo.

Kanuni hiyo ni ya Mathare Youth Sports Association, au MYSA kama inavyoitwa na kila mtu, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa mambo ya mazingira. Matokeo yake yanajulikana: tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa mwaka 1992, timu ya Mathare United iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Watu husimulia habari za MYSA kama kisa cha huruma. Mimi huzisoma kama kazi ya fundi wa kanuni. Munro angeweza kuwahutubia vijana juu ya usafi hadi sauti imkauke. Badala yake aliupa usafi bei, akaiandika bei hiyo mahali ambapo kijana wa miaka kumi na minne huangalia kila siku, yaani kwenye msimamo wa ligi.

Ukitoka Mathare kwenda Mutuini unavuka jiji zima hadi ukingo wake wa magharibi, kule Dagoretti Kusini ambako udongo ni mwekundu na uwanja wa kuchezea mara nyingi ni wa shule. Huko, kama mitaa mingine ya Nairobi, njia rahisi ya kukusanya watu Jumapili ni mpira wa wachezaji saba kila upande. Kombe la siku moja, timu nane, kila timu imelipa ada yake, na fedha zinakwenda kwenye karo ya yatima au bili ya hospitali iliyomshinda jirani. Hapo ndipo mtu huchomoa karatasi ya kanuni iliyonakiliwa kutoka sheria za mpira wa watu kumi na mmoja, kuotea kukiwemo, na siku inaharibika kabla ya saa sita.

Kuotea kwenye uwanja mdogo ni ugomvi wa bure, na hata futisali, yaani mpira wa ukumbini, haina. Mchezo huo ulizaliwa Montevideo mwaka 1930 mikononi mwa mwalimu Juan Carlos Ceriani, na umetumia karibu karne nzima kutatua matatizo haya haya tunayokutana nayo kwenye uwanja wa shule. Goli ni la mita 3 kwa 2. Wachezaji wa akiba huingia na kutoka bila idadi na bila kumsubiri refa. Mpira ukitoka kando hupigwa kwa mguu, ndani ya sekunde 4. Ila kanuni yake ninayoipenda kuliko zote ni ya kuhesabu rafu za timu: baada ya rafu 5 katika kipindi kimoja, kila inayofuata huleta mkwaju wa moja kwa moja bila ukuta. Mwalimu mjanja hawezi tena kuwaambia vijana wake wagawane kuvuta jezi, kila mmoja mara moja, ili asiwepo wa kupewa kadi. Rafu zote zinaingia kwenye daftari moja. Kwa kipindi cha dakika kumi ningeshusha idadi hadi 3, kisha nikaongeza jambo ambalo futisali ya ukumbini haihitaji sana: kuteleza chini kumfuata mwenye mpira ni marufuku. Kwenye udongo wenye kokoto, aliyeteleza naye huondoka bila ngozi ya paja.

Tuje kwenye saa, maana hapo ndipo mashindano mengi hufia. Timu nane katika makundi mawili ya timu nne huzaa mechi 12. Ongeza nusu fainali mbili na fainali, zinakuwa 15. Mechi ya vipindi viwili vya dakika kumi, pamoja na kupumzika kidogo na kubadilishana uwanja, hula dakika 25. Kwenye uwanja mmoja hizo ni dakika 375, saa sita na robo, na hapo hujamhesabu mgeni wa heshima anayechelewa na kutaka kusalimia timu zote kwa mkono. Ukianza saa tatu asubuhi unamaliza saa tisa na robo iwapo kila kitu kitakwenda sawa. Hakiendi.

Dawa yake ni kuugeuza uwanja. Uwanja wa kawaida wa shule ukichezewa kwa upana, kila nusu ikawa uwanja wake, unapata viwanja viwili. Kundi la kwanza linacheza mechi zake mbili kwa wakati mmoja, linapisha kundi la pili, linarudi. Kila timu inapumzika zamu moja kati ya mechi zake za kundi. Jumla ni zamu nane, dakika 200, na kuna nafasi ya mechi ya watoto na ya akina mama kabla ya fainali.

Faida kubwa zaidi haimo kwenye saa. Mechi mbili za mwisho za kundi zinapoanza kwa filimbi moja, hakuna timu inayojua matokeo yanayoitosha. Juni 1982, kwenye Kombe la Dunia, huko Gijón nchini Hispania, Algeria ilikuwa imemaliza mechi zake za kundi siku moja kabla. Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua kwamba Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, zote mbili zinapita na Algeria inatoka. Bao likafungwa mapema, kisha watu wakapasiana mpira hadi filimbi. Tangu hapo mechi za mwisho za makundi ya Kombe la Dunia huchezwa pamoja. Ndiyo sababu nayaogopa makundi ya timu tatu, ambayo waandaaji wengi wa mtaani huyapenda kwa kuwa yanaokoa muda: lazima timu moja ikae nje wakati wenzake wawili wanacheza ya mwisho. FIFA yenyewe ilikuwa imepanga makundi ya namna hiyo kwa Kombe la Dunia la 2026, ikageuza uamuzi Machi 2023 na kurudi kwenye makundi ya timu nne.

Kanuni ya ubunifu ni hatari kuliko kanuni ya kizamani. Januari 1994, katika mechi za kufuzu Kombe la Karibi, waandaaji waliamua kwamba bao la muda wa nyongeza limalize mechi na lihesabiwe mawili. Barbados ilihitaji kuishinda Grenada kwa tofauti ya mabao mawili. Ikiwa inaongoza 2-1 na dakika zikiyoyoma, ikajifunga makusudi ili iende muda wa nyongeza. Grenada ilipong'amua, ikaanza kutafuta bao kwenye goli lolote, hata lake yenyewe, na Barbados ikajikuta inalinda magoli yote mawili. Ikafika muda wa nyongeza, ikashinda 4-2. Hakuna aliyevunja kanuni hata moja. Kwa hiyo mtu akikuletea wazo kwamba bao la kichwa lihesabiwe mawili, muulize kwanza timu inayoongoza itafanya nini dakika ya mwisho.

Maswali ya namna hiyo lazima yaulizwe hata kwa pointi 6 za MYSA. Ligi ni safari ya miezi, na pointi hizo humezwa na mechi nyingi. Kombe la siku moja lina mechi tatu za kundi, pointi 9 kwa wingi wake. Ukiweka 6 za kazi ya mtaa, mpira wenyewe unakuwa mapambo. Mimi ningeweka 2, zaidi ya sare na pungufu ya ushindi, kwa timu iliyofika Jumamosi ikiwa na angalau wachezaji sita na kufanya kazi ya saa moja. Bila shaka timu zote zitafika. Hapo pointi hazimtofautishi mtu na mwenzake, ila zinamsubiri atakayekosa. Timu itakayolala Jumamosi imeanza Jumapili ikiwa imefungwa.

Nisichokubali ni pesa kugusa matokeo. Wapo wanaopenda penalti ya kununua, au faini ya kufuta kadi ya njano, eti mchango unaongezeka. Unaongezeka mara moja. Timu ya wenye maduka ikishachukua kombe namna hiyo, timu ya wabeba mizigo ya sokoni hairudi mwaka ujao, na wewe ulihitaji ada yao na mashabiki wao. Kadi ya njano ilipwe kwa muda. Tangu 2017 bodi ya sheria za mpira, IFAB, imeruhusu soka ya ngazi ya chini kumtoa mchezaji nje kwa muda, na inapendekeza asilimia 10 hadi 15 ya muda wa mechi. Kwa mechi ya dakika 20, hizo ni dakika 2 au 3. Tajiri na maskini wanasimama nje sawasawa.

Kuna pia kanuni ya kuazima kutoka Medellín nchini Kolombia. Baada ya mchezaji Andrés Escobar kuuawa mwaka 1994, vijana huko walianzishiwa mpira wa timu mchanganyiko ambapo mabao ya wavulana hayahesabiwi mpaka msichana afunge kwanza. Hiyo ni bei nyingine, kama ya Munro: mvulana asiyempa msichana pasi anajinyima mwenyewe.

Mamluki, yaani wachezaji wa kukodi wasio wa timu, sina dawa yao kamili. Vijana wengi wanaocheza mashindano haya hawana kitambulisho, na jina hubadilishwa kirahisi kuliko jezi. Njia nyepesi ni picha: kila timu ipigwe picha na orodha yake jioni ya Jumamosi, baada ya ile kazi, na makapteni wote wapewe nakala kwenye simu. Asiyekuwepo pichani hachezi. Wenye kumjua straika aliyeazimwa kutoka klabu ya ligi ni wapinzani, si refa, na picha inawapa muda wa kulalamika usiku badala ya kulalamika baada ya kufungwa. Anayekata rufaa aweke pesa kidogo, arudishiwe akishinda.

Kanuni ya mwisho kwenye karatasi yangu haihusu mpira. Mweka hazina asome hesabu kabla ya fainali: ada za timu, michango ya taslimu, ya M-Pesa, gharama za refa na chokaa, na kiasi kinachokwenda kwa mhusika. Timu mbili zikiwa zimeshajipanga katikati ya uwanja, hakuna anayeondoka. Kombe likishanyanyuliwa, nusu ya watu wako barabarani wanasubiri matatu.