Heko kwa Fundi Mitambo

Mwaka 1970 wanamuziki Wilson na George Kinyonga walihama Tanga, wakaja Arusha na kuunda Arusha Jazz, bendi iliyokuja kuzaa Simba Wanyika. Majina ya wapigaji kama hao hukumbukwa. Jina la fundi mitambo wa sauti halitajwi, ilhali muziki wa dansi humtegemea. Yeye hupunguza besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo ili gitaa la besi lipate nafasi, hulipa gitaa la ridhimu sauti ya kati, na huongeza trebo ukumbi ukijaa, maana miili na nguo humeza sauti nyembamba. Gitaa likizidi, hulipunguza ili mwimbaji asimezwe. Mafundi wa kumbi za Arusha, hongereni sana: kwa masikio yenu, tunacheza na maneno tunayasikia.