Dubwana la Ziwa Ness: Fanani Alipogeuzwa Shahidi

Masimulizi ya dubwana la Ziwa Ness, nchini Skotilandi, aghalabu hujadiliwa kwa swali moja: je, kiumbe huyo yupo? Kwa mhakiki wa fasihi simulizi swali hilo halitoshi. Linalostahili kuulizwa ni masimulizi hayo yalitekeleza dhima gani, na dhima hiyo ilibadilika vipi.

Katika wasifu wa Mtakatifu Columba, ulioandikwa na Adomnán mwishoni mwa karne ya 7, mnyama wa Mto Ness anamwandama mwogeleaji, kisha anakimbia mtakatifu anapofanya ishara ya msalaba. Mnyama huyo si mhusika mkuu. Yupo ili uwezo wa mtakatifu udhihirike. Vivyo hivyo, katika ngano za Kiskoti za farasi wa majini, watoto wanaompanda hunasa mgongoni na kuzamishwa. Nguvu ya ngano hiyo haitokani na ushahidi bali na onyo.

Mwaka 1933 mambo yaligeuka. Tarehe 2 Mei gazeti la Inverness Courier lilichapisha habari za kiumbe mkubwa aliyeonekana ziwani. Fanani akawa shahidi, hadhira ikawa mahakama. Shahidi hudaiwa vielelezo, na vielelezo vikabuniwa. Marmaduke Wetherell, aliyetumwa na Daily Mail, alitangaza kupata nyayo ufuoni. Mapema 1934 wanasayansi wakabaini kuwa ni za kiboko, zilizopigwa kwa mguu uliokaushwa. Aprili mwaka huo gazeti lilo hilo likachapisha picha mashuhuri ya shingo ndefu. Mwaka 1994 ilifichuliwa kwamba ile ilikuwa nyambizi ya kuchezea iliyobandikwa kichwa cha bandia, na kwamba Wetherell alihusika.

Ni kinaya kwamba dubwana la Skotilandi liliazimwa wayo wa mnyama wa Afrika. Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ni ya kiusimulizi. Ubuni si uongo, kwa kuwa msimulizi na msikilizaji wameafikiana juu ya kanuni zake. Picha ile ilivunja mapatano hayo: ilijidai kuwa kweli, ikaidhalilisha hata ngano isiyojidai hivyo.

Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2019 uligundua samaki aina ya mkunga kwa wingi, wala haukupata dalili za mtambaazi mkubwa. Watalii wangali wanafika, lakini wingi wao usichukuliwe kuwa uhai wa mighani. Mighani huishi inapofunza. Wanaokusanya masimulizi ya maziwa ya Afrika Mashariki hawana budi kurekodi kwanza nani anasimulia, anamsimulia nani na kwa nini, kabla ya kudai picha.