Kitu Kisichojichezea

Huko Juru, anayemchagulia mtoto wa mwaka mmoja kichezeo kwa kawaida si mama yake. Mama yuko shambani, au kwenye foleni ya maji, au amekwenda kuwalimia wenyeji kwa kibarua. Anayechagua ni dada wa miaka minane au tisa, mwenye mtoto mgongoni na kitenge kilichofungwa fundo kifuani, ambaye kutwa nzima ana jukumu moja tu: huyu asilie. Mwenye jukumu hilo hana nafasi ya nadharia. Akimpa mdogo wake kitu kisichomfaa kitatupwa chini papo hapo na kilio kitaanza upya. Akimpa kinachomfaa atapata muda wa kuruka kamba na wenzake. Ndiyo maana nawahesabu wasichana hawa, pamoja na kaka zao wanaoshika zamu hiyo, kuwa mafundi kamili wa fani ambayo mijini imejengewa maduka.

Sisemi hivi kupamba mambo. Mtoto wa miaka tisa kulea mtoto mwenzake kutwa nzima kuna gharama, na mara nyingi gharama yenyewe ni dawati lililobaki wazi darasani. Ila ujuzi uliopatikana mahali pasipostahili haugeuki kuwa ujinga.

Juru ni mojawapo ya kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokuwa wakiikimbia Rwanda, na tangu hapo yamepokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kila kundi lilikuja na vichezeo vyake kichwani, maana mikononi lilibeba vitu vingine. Aliyetoka Goma anakumbuka chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linaloteremka na viazi na makaa, na mwanawe hujitengenezea la kwake dogo. Aliyetoka Burundi anajua mpira wa maganda ya mgomba. Aliyetoka milima ya Minembwe, kwenye jamii za wafugaji, anafinyanga ng'ombe. Watoto wao wakakutana kwenye bomba la maji, wakaanza kusemezana Kiswahili, wakaibiana maarifa. Malighafi iko kila upande: jerikeni iliyopasuka, mkebe wa mafuta uliokwisha, vipande vya kitenge chini ya cherehani ya fundi, magunzi, waya, kandambili iliyokatika ukanda.

Tazama kigari cha kusukuma. Ni fimbo moja, waya uliopita chini yake kukingama, na magurudumu mawili yaliyokatwa kwenye soli ya kandambili. Watu wazima hukiona kama kigari cha kawaida kilichokosa mwili. Lakini kigari hiki ni cha mtoto aliyesimama juzi, na kila kipimo chake kina sababu. Anayeanza kutembea hupewa cha kusukuma kabla ya cha kuvuta, kwa sababu kinachosukumwa kiko mbele ya macho. Cha kuvuta kinamtaka atembee huku akigeuka nyuma kukitazama, na kugeuka bila kuanguka ni elimu ya miezi mingine kadhaa. Duka halitakwambia hilo. Dada anajua, kwa kuwa ndiye aliyemwokota mdogo wake chini mara zote alizogeuka.

Urefu wa fimbo nao una hesabu yake. Ikiwa fupi, mtoto atainama, na kichwa chake, ambacho katika umri huo ni kizito kuliko busara yake, kitamtangulia ardhini. Ikiwa ndefu, ncha ya juu itamtafuta jicho au koo. Kwa hiyo fimbo hukatwa ifike usawa wa kifua, na ncha hufungwa kitambaa. Kisha huja sehemu ninayoipenda kuliko zote: kimkebe kidogo chenye vijiwe ndani, kilichobanwa katikati ya magurudumu. Mtoto akipiga hatua, kinalia. Akisimama, kinanyamaza. Anarudia. Siku ya kwanza anadhani kelele inatoka kwa kigari. Baada ya siku chache anasimama makusudi, anasikiliza ukimya, kisha anasogea tena huku akitabasamu kwa ujeuri. Amegundua kwamba chanzo ni yeye. Sijui kitabu cha picha kinachoweza kumfundisha jambo hilo kwa bei hiyo.

Mpira wa maganda ya mgomba una habari ndefu zaidi. Mwaka 1837 Mjerumani Friedrich Fröbel alianza kazi yake ya kuelimisha watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, akapanga vifaa vya kuchezea kwa mfuatano, akaviita zawadi. Ya kwanza katika orodha ilikuwa mipira midogo ya sufu, milaini, ya rangi mbalimbali. Alifikiri sana kabla ya kufika hapo. Huku Ankole na kule Burundi watoto walikuwa wamefika hapo kwa njia ya mgombani. Ganda lililokauka husokotwa, likazungushwa, likakazwa kwa kamba ya mgomba uleule. Mpira wa vijana wanaocheza soka hukazwa mpaka uwe mgumu. Wa mtoto anayetambaa huachwa mlegevu, wa ukubwa wa embe, na kamba zake hujitokeza ili vidole viwe na pa kushika. Juu ya hayo hauviringiki sana. Juru ni nchi ya miteremko. Mpira wa plastiki ukimponyoka mtoto utakwenda hadi kwa jirani wa tatu, na mtoto atabaki akiulilia. Wa maganda husogea hatua mbili ukakaa. Yeye hutambaa, akaufikia, akausukuma tena. Umbali ule mdogo ndio mchezo wenyewe.

Kwenye kayamba la chupa nina ugomvi na mafundi wangu. Chupa ya maji hutiwa maharage au mahindi makavu, ikafungwa kifuniko, basi. Sauti ni nzuri, na aliye makini hutengeneza mbili: ya maharage kwa sauti nene, ya mchanga kwa sauti ya kunong'ona, ili mtoto alinganishe. Tatizo ni kifuniko. Mtoto wa miezi kumi na minane anazungusha kila kinachozunguka, na harage likitoka halikawii kwenda mdomoni au puani. Harage la puani ni balaa la pekee, kwani hunyonya unyevu na kuvimba, na kilichoingia kwa ulaini hakitoki hivyo. Dawa ni kuyeyusha shingo ya chupa kidogo kwenye moto pamoja na kifuniko chake mpaka vishikane, kazi ambayo afanye mtu mzima. Vizibo vya soda navyo havifai. Ni vizuri kwa magurudumu na kwa kuhesabia, lakini kizibo kina upana wa milimita 32 hivi, na bomba ambalo Wamarekani hupimia vitu visivyofaa kwa watoto wa chini ya miaka mitatu lina upana wa milimita 31.7. Kiko mpakani kabisa, tena kina meno. Wape wenye miaka mitano.

Sasa tupande teksi twende Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, ambako vichezeo vinaning'inia madukani katika mifuko ya nailoni. Kinachovuta macho ya wazazi ni simu ya plastiki yenye vitufe. Bonyeza kimoja, inaimba alfabeti ya Kiingereza. Bonyeza cha pili, inabweka. Mzazi anasikia Kiingereza, anaona shule, anatoa pesa. Nami namwelewa. Mama aliyeishi miaka kumi kwa vitu vya kugawiwa akimnunulia mwanawe kitu kipya dukani, kilicho bado kwenye mfuko wake, ananunua heshima pia, na heshima haina haja ya kuidhinishwa na mwandishi wa insha. Ila tuseme kweli juu ya simu ile. Inajichezea yenyewe. Mtoto anabonyeza, nayo inafanya kazi yote iliyobaki: inaimba, inawaka, inabadilisha rangi. Yeye anageuzwa kuwa mtazamaji mwenye kidole kimoja. Habari njema ni kwamba betri zake hazina maisha marefu. Zikishakufa, simu inaanza kufaa: inavutwa kwa kamba, inatiwa kwenye sufuria, inapigiwa bibi aliyeko Bukavu.

Kama pesa ipo na safari imeshafanywa, ningeingia duka la vyombo badala ya duka la vichezeo. Vikombe vitatu vya plastiki vya ukubwa tofauti vitaingiana, vitapangwa juu kwa juu, vitaangushwa, vitachota mchanga, na jioni vitanywewa uji. Kuna mlezi Mwingereza, Elinor Goldschmied, aliyejulikana kwa kikapu cha kuwapa watoto wanaoweza kukaa lakini hawajatambaa: ndani mlijaa vitu vya kawaida vya nyumbani, vya mti, chuma, kitambaa na ngozi, na plastiki hakuitaka kabisa. Jikoni Juru kikapu hicho kimekwisha kupangwa. Mwiko, kifuniko cha sufuria, kata ya kibuyu, kipande cha kitenge. Kwenye mitumba ya sokoni kuna pia madubu ya kitambaa yaliyokwisha kulala na watoto wa Ulaya. Ukinunua, vuta macho yake kwa nguvu zako zote kabla ya kulipa. Yaking'oka mkononi mwako, yangeng'okea mdomoni mwa mtoto.

Najua swali linalonisubiri. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha msaada wake kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Mtu anakosa posho, wewe unamhubiria kayamba? Sitajibu kwa hoja, nitajibu kwa seremala. Mwaka 1932, wakati uchumi wa dunia ulipoanguka na hakuna aliyeagiza samani, Ole Kirk Christiansen wa Billund, Denmark, alianza kuchonga vichezeo vya mbao kwa kuwa kazi kubwa zilikuwa zimekosekana. Kiwanda kilichozaliwa humo ndicho Lego. Fedha za taasisi yake zimekuwa zikirudi upande wetu: kwa vituo vya kuchezea vya shirika la BRAC nchini Uganda na Tanzania, na kwa mradi wa PlayMatters unaowahusu watoto wakimbizi wa Uganda, Ethiopia na Tanzania. Katika vituo vya BRAC akina mama wenyewe hutengeneza vichezeo kwa mabaki ya nyumbani, jambo ninalolisifu. Ningeongeza pendekezo moja kwa wanaoendesha mafunzo ya namna hiyo kokote: chumba kikijaa akina mama, waiteni na wale wenye watoto migongoni walioachwa nje ya mlango. Hao ndio wenye majaribio.

Kwa mfano, waulizeni kuhusu mwanasesere. Mtoto akikaribia miaka miwili anaanza kuigiza, na kitu cha kwanza anachokiigiza ni kubebwa. Hupewa gunzi, au hindi changa lenye nywele zake, akafungwa nalo mgongoni kwa kitambaa, msichana kwa mvulana. Gunzi halina macho wala mdomo. Kwa hiyo linalia mtoto akitaka lilie, linalala akitaka lilale, na kesho linaweza kuwa mwiko. Wazaramo wa pwani ya Tanzania, waliochonga mwana hiti kwa ajili ya mwali aliyewekwa ndani, walimpa kiwiliwili mfano wa gogo dogo, kichwa chenye mafungu mawili ya nywele, na mikono wala miguu hawakumpa. Hakuwa kichezeo cha mtoto mdogo, lakini mkono uliomchonga ulijua pa kuishia. Wa dukani mwenye kope, viatu na tabasamu la kudumu hawezi kuhuzunika hata akitakiwa.

Ng'ombe wa udongo ni kinyume chake kidogo, maana wanaomfinyanga hawakubali apunguzwe. Udongo wa kichuguu, laini usio na kokoto, na lazima pembe ziwe ndefu kuliko miguu, kama za ng'ombe wa Ankole waliosimamishiwa sanamu mjini Mbarara. Pembe hizo huvunjika siku ileile mtoto wa miaka miwili anapomkamata. Kaka hafoki. Anatengeneza wa pili mwenye pembe nene zilizojikunja kurudi mgongoni, anamkabidhi mdogo wake huyo, na yule mwenye pembe halisi anamweka juu ya ukuta.

Kusini mwa mpaka wa Kenya na Somalia, kisiwani Kiwayu, watoto katika miaka ya 1990 walikuwa wakikata vichezeo kutoka kwenye kandambili zilizoletwa na bahari. Mtaalamu wa viumbe vya baharini, Julie Church, akawaona, akaona na soko, na leo karakana ya Ocean Sole jijini Nairobi huuza twiga na tembo wa soli za rangi kwa wageni. Juru hakuna bahari ya kuleta kandambili. Magurudumu ya kigari yanataka soli, soli haziokotwi kila siku, na mlezi wa miaka tisa hawezi kungoja hadi zichakae. Kwa hiyo asubuhi utamkuta baba mlangoni, mguu mmoja umevaa, akiulizia kandambili ya kushoto, na kutoka nyuma ya nyumba kimkebe kinalia, kinanyamaza, kinalia tena.