Mlinzi Mlangoni: Filamu za Ashiki na Taharuki katika Vibanda vya Video, Mbarara hadi Kashojwa

Makala haya yanajadili filamu ambazo uhakiki wa Kiswahili umezipita kimya: filamu za ashiki na taharuki zilizotengenezwa Marekani kwa fedha kidogo mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, zikauzwa moja kwa moja kwenye kanda za video bila kupitia majumba ya sinema. Tunashikilia kwamba anayetaka kuelewa mvuto wa filamu hizi mahali kama Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, hana budi kutazama kazi, nyumba na mlango kabla ya kutazama miili. Jambo hili lina uzito wa kisera, kwani sheria inayohesabu miili tu huiacha sehemu kubwa ya filamu bila kupimwa.

Linda Ruth Williams, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu utanzu huu, anazichukulia filamu za kanda kuwa zinastahili uchambuzi sawa na zile za studio kubwa. Tunakubaliana naye. *Fatal Attraction* (1987) na *Basic Instinct* (1992) zilipata fedha na sifa, lakini rafu za maduka ya kukodisha kanda zilijazwa na ndugu zao maskini. Umaskini huo ndio ulioipa fani umbo lake: nyumba moja kubwa, waigizaji wachache, usiku mwingi, talaka au urithi unaogombaniwa, na mtu mmoja anayejua zaidi ya anavyosema. Msomaji wa riwaya pendwa ya Kiswahili hapotei humo. Tangu *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965) na *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba (1974), amezoea kuona uzuri na hatari vikiingia kwa mlango mmoja. Kwa hiyo dai kwamba filamu hizi zilileta ladha ngeni kabisa linasahau maktaba yetu wenyewe.

Tuchukue *Night Eyes* (1990), iliyoongozwa na Jag Mundhra, mzaliwa wa Nagpur, India, aliyejijengea jina katika soko hilo la Marekani kabla ya kutengeneza *Bawandar* (2000), filamu yenye heshima ya aina nyingine kabisa. Mhusika mkuu, anayeigizwa na Andrew Stevens, ni mtu wa kampuni ya ulinzi. Mwanamuziki tajiri anayeachana na mkewe anamwajiri amchunguze mke huyo, aliyeigizwa na Tanya Roberts, ili upatikane ushahidi wa kutumia katika talaka. Mlinzi anatazama, anaingia, anapenda, na kuanzia hapo hajui tena anamlinda nani dhidi ya nani. Filamu ilipata soko la kutosha hata ikafuatwa na tatu nyingine, ya mwisho mwaka 1996.

Kwa mtazamaji wa Los Angeles, mlinzi huyo ni kisingizio cha kuiingiza kamera chumbani. Katika miji yetu, Mbarara ikiwemo, askari wa getini ni mtu anayejulikana kwa jina, mshahara na uchovu. Ulinzi ni miongoni mwa kazi ambazo kijana asiye na cheti, au mwenye cheti cha nchi nyingine kisichotambuliwa, anaweza kuzitumainia. Yeye hukesha nje ya nyumba asiyoruhusiwa kulala ndani yake. Anajua nani aliingia saa ngapi, na kimya chake ni sehemu ya ajira. Filamu inayomfanya mtu huyu kuwa shujaa, ikampa macho, siri, na hatimaye ufunguo, haihitaji ustadi mkubwa ili kushika hisia. Tukiri pia kwamba ustadi wenyewe ni haba: mazungumzo ni mazito kama mawe na muziki hauna haya. Lakini mhakiki anayeishia hapo atakuwa amehakiki sauti na kuiacha hadithi.

Kisha kuna chumba. Utanzu huu unategemea faragha: pazia, kitasa, dirisha ambalo mtu hudhani halina macho nyuma yake. Nakivale, iliyofunguliwa mwaka 1958 kwa wakimbizi kutoka Rwanda na sasa ikiwa na Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, ni mahali ambapo familia nyingi hugawana chumba kimoja au viwili. Huko mlango unaofungwa kwa ndani ni anasa kuliko gari la mhusika. Tunathubutu kusema kwamba shauku inayoamshwa na filamu hizi ni, kwa kiasi kisichopuuzwa, shauku ya nyumba.

Suala la lugha ndilo gumu zaidi. Filamu ya kibanda haifiki kwa mtazamaji ikiwa peke yake. Nchini Uganda husimuliwa na VJ, na jina kama VJ Jingo huuza filamu kuliko jina la mwigizaji; Tanzania ilikuwa na Lufufu, ambaye Matthias Krings amemchambua katika *African Appropriations* (2015). Msimulizi hafasiri tu. Hukemea, hutania, huwapa wahusika majina ya mtaani, na penzi linapopamba moto huweza kulifunika kwa kichekesho au kulikoleza kwa neno moja. Usimulizi mwingi wa Uganda ni wa Kiganda. Mtazamaji aliyetoka Kivu, ambaye Kiswahili ndicho kinachomuunganisha na majirani, hupata nusu ya filamu kutoka kwa VJ na nusu kutoka kwa jirani wa benchi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Vikao vyetu hupenda kukitafuta katika mitalaa na ofisi. Mnong'ono wa kwenye benchi nao ni tafsiri, na ni Kiswahili kinachofanya kazi.

Hapa ndipo sheria ilipopotea. Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka 2014 ilikuja na fasili pana mno, na mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake kadhaa, fasili hiyo ikiwemo. Wapo waliosherehekea na wapo walioomboleza. Hata hivyo, hata fasili makini zaidi ya picha isingegusa kauli ya msimulizi. Tukio lisilo na mwili ulio wazi laweza kugeuzwa na sauti kuwa tusi kwa mwanamke, na tukio la wazi laweza kugeuzwa kuwa somo la ulaghai wa waume.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi yetu linahusu wanawake na watoto, nasi hatulipuuzi. Vibanda ni ulimwengu wa wanaume kwa kiasi kikubwa, na utanzu huu una tabia ya kumbebesha mwanamke hila zote. *Night Eyes* humpa mume hila ya kwanza, lakini msimulizi aweza kuifuta kwa sentensi moja. Kuhusu watoto, kufunga kibanda kizima ni jibu la haraka linalohamishia filamu ileile kwenye simu, pasipo mtu mzima wala msimulizi. Tungependekeza badala yake upangaji wa madaraja unaosikiliza pamoja na kutazama: filamu ipimwe ikiwa na usimulizi wake, katika lugha inayotumika kibandani, na maonyesho ya usiku yatengwe na ya mchana. Kwa Nakivale hilo lingetaka wapimaji wanaojua Kiswahili cha Kongo pamoja na kile cha Dar es Salaam, na wawe wamewahi kuketi kwenye benchi hizo.