Mbalamwezi na Taa ya Mvuvi: Uhakiki wa Picha Mbili za Bahari

Katika sanaa ya Ulaya mbalamwezi juu ya bahari imechorwa mara nyingi mno, hata mtazamaji huizoea kabla ya kuitazama. Mwezi huwekwa juu, njia ya mwanga hunyoshwa majini, na chombo cha mvuvi huongezwa ili jicho lipate mahali pa kutua. Wahakiki kwa kawaida husifu utulivu na uzuri wa usiku huo. Swali lisiloulizwa sana ni hili: mwanga huo unamfaa nani, anayetazama au anayevua? Makala haya yanalichunguza swali hilo katika mchoro mmoja na fotografia moja, kisha yanazipima kazi hizo kwa ujuzi wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika.

J.M.W. Turner alikuwa na umri wa miaka 21 alipoonyesha mchoro wake *Wavuvi Baharini* katika Royal Academy, London, mwaka 1796. Ulikuwa mchoro wake wa kwanza wa rangi za mafuta kuonyeshwa huko. Leo umo katika hazina ya Tate. Mashua ndogo inapigwa na mawimbi karibu na majabali ya Needles, katika kisiwa cha Wight. Mwezi mpevu unapenya mawingu na kuyatia maji weupe wa baridi. Ndani ya mashua mna taa moja yenye mwanga wa joto, inayowamulika wavuvi.

Wengi huanza kuusifu mwezi, kwa kuwa ndio unaotawala anga. Hata hivyo, nguvu ya mchoro imo katika taa. Mwezi hauchagui: wimbi, jabali na mashua ni hali moja mbele yake. Taa huangaza hatua chache tu, lakini ndiyo inayodhihirisha kwamba pale pana watu na pana kazi. Kama Turner angaliiondoa, mandhari yangalibaki mazuri, nao wavuvi wangalikuwa pambo la mandhari hayo.

Miaka 60 baadaye, mwaka 1856, Mfaransa Gustave Le Gray alipiga kwenye pwani ya Normandie fotografia ya jahazi la milingoti miwili. Ilijulikana kuwa picha ya mbalamwezi, ilhali ilipigwa mchana, kamera ikielekea upande wa jua lililositirika mawinguni. Kolodioni iliyotumika wakati ule haikuweza kunasa mawimbi yanayotembea kwa mwanga hafifu wa mwezi. Ufundi wa Le Gray ni wa hali ya juu, na hakuna haja ya kumshtaki kwa udanganyifu. La kuzingatia ni watazamaji: waliuona mwezi mahali palipokuwa na jua, kwa sababu michoro ilikuwa imekwisha kuwafundisha usiku wa baharini uweje. Mazoea yalitangulia macho.

Mazoea hayo hayana budi kupimwa mahali ambapo mwezi si pambo. Huko Uvira, Kalemie na Moba, ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Zamani moto wa kuni uliwashwa mtumbwini, na samaki wakachotwa kwa wavu wa lusenga. Baadaye zilienea taa za karabai, na siku hizi zipo za betri. Vyombo vimebadilika, kanuni haikubadilika: ndagala huvutwa na mwanga uliozungukwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga hutapakaa ziwani kote, samaki hawakusanyiki chini ya taa, na kwa kawaida mitumbwi hulala ufukoni siku kadhaa. Usiku unaomfurahisha mchoraji ndio usiku wa mvuvi kukosa.

Lugha ya Kiswahili inazijua pande zote mbili. Neno *mbalamwezi* limebeba uzuri wa nuru. Lakini mvuvi wa pwani, asemapo *bamvua* na *maji mafu*, anausoma mwezi kama kalenda ya kazi yake.

Pengine itadaiwa kwamba sanaa si taarifa ya idara ya uvuvi. Ni kweli, mchoraji ana uhuru wa kupanga anga lake. Lakini mchoraji wa ziwa letu akiweka mwezi mpevu juu ya mitumbwi ya ndagala yenye taa, amechora usiku ambao mitumbwi hiyo ingekuwa nchi kavu. Ameazima anga la wengine, na kwa anga hilo amemnyima mvuvi giza lake, ambalo ndilo shamba lake.

Turner hakuvua Tanganyika, wala taa yake si chambo cha ndagala. Hata hivyo alitambua kwamba mwanga wa kutazamia na mwanga wa kufanyia kazi si mmoja, akaiacha tofauti hiyo ionekane. Mwanafunzi anayehakiki picha za aina hii na aanzie hapo: atafute kwanza taa, ndipo ausifu mwezi.