Ramani Isiyoonyesha Safari: Uhakiki Mfupi Kuhusu Lahaja za Kilithuania

Anayeanza kujifunza lahaja za Kilithuania hukutana mapema na neno moja dogo: duona, yaani mkate. Katika eneo la Žemaitija, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, neno hilo ni douna upande wa kaskazini, dūna upande wa kusini na dona upande wa magharibi. Zigmas Zinkevičius na Aleksas Girdenis, katika uainishaji wao wa mwaka 1966, walizitenga lahaja hizo tatu kwa matamshi hayo. Baadaye ikatoka Atlasi ya Lugha ya Kilithuania katika majuzuu matatu (1977, 1982 na 1991), ikachora mipaka ya namna hiyo kwa nchi nzima.

Ni kazi kubwa inayostahili pongezi. Hata hivyo, tunaona ina upungufu wa kimsingi. Ramani za aina hii hutegemea msemaji mzee, aliyezaliwa kijijini na asiyehama. Msemaji huyo anafaa sana tukitaka kuhifadhi lugha ya zamani. Tukitaka kujua kwa nini lugha imebadilika, hatusaidii, kwa kuwa waliohama hawamo katika ramani.

Tuchukue dona. Wasemaji wake waliishi hasa katika eneo la Klaipėda, kando ya bahari. Mwaka 1944 na 1945, jeshi la Kisovyeti lilipokaribia, wakazi wengi walikimbia au walihamishwa kuelekea Ujerumani, na wageni wakaja kukaa mahali pao. Lahaja hiyo haikumezwa polepole na lugha sanifu. Ilikatika kwa sababu wenyewe waliondoka.

Kwingineko mambo yalikwenda tofauti. Utawala wa Kisovyeti ulianzisha mashamba ya pamoja, na kuanzia miaka ya 1960 nyumba nyingi zilizojitenga mashambani zilibomolewa, watu wakakusanywa vijijini. Vijana walihamia Vilnius na Kaunas. Baada ya nchi kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, wengi walikwenda ng'ambo kutafuta kazi. Idadi ya watu, iliyokuwa takriban milioni 3.7 mwaka 1990, ilishuka hadi milioni 2.8 hivi mwaka 2021, kwa uhamaji na kwa uzazi mdogo. Lahaja hapa zilichanganyika, zikapoteza wasemaji, na sifa zilizowashangaza majirani zikaanza kuachwa.

Je, uhamaji peke yake unatosha kuwa maelezo? La hasha. Watu wa Žemaitija nao wamehama, lakini wengi wao bado wanajivunia usemi wao na kuuona kuwa kitambulisho chao. Wana hata Wikipedia yao. Kwa upande mwingine, usemi wa Suvalkija ndio uliokuwa msingi wa lugha sanifu, ambayo Jonas Jablonskis aliiwekea sarufi mwaka 1901. Msemaji wa huko anaweza kuiacha lahaja yake bila hata kujua, kwa kuwa sanifu iko karibu mno. Kwa maoni yetu, uhamaji hufungua mlango, lakini hadhi ya usemi ndiyo huamua kipi kipite na kipi kibaki.

Wanaisimu wa Lithuania wenyewe wametambua jambo hili: mwaka 2014 walichapisha utafiti wa lahaja za karne hii unaounganisha ramani na isimujamii.

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tuna la kujifunza. Tunachora ubaoni ramani ya lahaja, Kiamu hadi Kimtang'ata, ilhali wanafunzi walio mbele yetu wamekipata Kiswahili sokoni, barabarani, kambini, au kwa wakimbizi kutoka Kongo. Usemi wao haumo katika ramani yetu. Tukiwaambia kwamba huo ni makosa tu, tutakuwa tumefundisha mipaka bila kufundisha lugha. Tuwaulize kwanza: uliyemsikia akisema hivyo alitoka wapi?