Uhitaji Unatembea kwa Miguu

Tunahakiki riwaya, filamu, albamu, hata migahawa. Fomu hatuzihakiki. Tunazijaza, tunazilaani kimoyomoyo, kisha tunazisahau mpaka msimu mwingine wa maombi ufike. Lakini sijui riwaya inayosomwa kwa makini kama kijana aliyemaliza kidato cha sita anavyosoma fomu ya kuomba mkopo wa chuo: neno kwa neno, kwa sauti ya chini, akiogopa hata kukosea herufi moja ya jina la baba yake. Andiko linalosomwa hivyo linastahili mhakiki.

Andiko ninalolisoma hapa ni utaratibu wa maombi wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Wengi tunaosoma kurasa hizi tumepita mikononi mwake. Tumekula bumu, tumegombana kwa sababu ya bumu, na baadhi yetu tunakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kulirejesha. Silaumu kuwapo kwake. Bila bodi hii vyuo vyetu vingejaa watoto wa wenye nacho peke yao. Ninachouliza ni swali la mhakiki: andiko hili linamwona msomaji wake kuwa nani?

Tuanze na maneno mawili. Mkopo ni kwa Mtanzania mwenye sifa na mhitaji. Sifa, kwa Kiswahili, ni vigezo na ni pongezi pia. Ukiwa nazo unatembea kifua mbele. Uhitaji ni kinyume chake. Tumelelewa tukiambiwa kwamba njaa ya nyumbani haitoki nje ya mlango. Mgeni akija tunaazima sukari kwa jirani ili asijue kuwa hatuna. Kusitiri ni adabu. Halafu kijana huyohuyo, aliyefundishwa kusitiri kwa miaka 19, anaambiwa aanike kila kitu, tena kwa ushahidi, muhuri na sahihi.

Sasa tazama namna kila neno linavyosafiri. Sifa zinasafiri kwa waya. Mwombaji anaingiza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na rekodi za Baraza la Mitihani zinajulikana. Hakuna anayemtuma kwa mwalimu mkuu akathibitishe kwamba alifaulu. Uhitaji unatembea kwa miguu. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kama kuna ulemavu, daktari athibitishe. Mdhamini apatikane, picha yake ipatikane, kitambulisho chake kipatikane. Fomu ichapishwe, ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, ipelekwe kwa wakili au hakimu, kisha irudi kwenye kompyuta kurasa kwa kurasa. Serikali inaamini taarifa zake yenyewe juu ya akili ya kijana. Juu ya umaskini wake haiamini mpaka aubebe mwenyewe, kwa nauli yake.

Kuna sehemu moja ambapo utaratibu huu unabadilika, na mhakiki mwaminifu lazima aitaje. Mwombaji ambaye kaya yake ni mnufaika wa TASAF anatumia taarifa za kaya hiyo kuonyesha hali yake. Hapo serikali inakubali kukumbuka kwamba ilishafika kwenye nyumba ile na kuiona. Mstari huo mmoja unathibitisha kwamba mengine yote yangeweza kuandikwa hivyo.

Pamela Herd na Donald Moynihan, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 2018 kitabu kiitwacho *Administrative Burden*. Wanaeleza kwamba raia anayeomba haki au msaada wa serikali hulipa gharama za aina tatu. Kwa maneno yangu: gharama ya kujua, gharama ya kutimiza na gharama ya moyo. Kujua ni kupata habari kwamba dirisha limefunguliwa, na kwamba wewe unahusika. Kutimiza ni zile nauli, mihuri na foleni. Gharama ya moyo ni ile fedheha na hofu unayobaki nayo ukimaliza. Wanaongeza hoja nzito zaidi: mizigo hii mara nyingi huwekwa na mtu, wala haidondoki kutoka mbinguni. Kwa hiyo mtu anaweza kuiondoa.

Gharama ya moyo ukitaka kuiona kwa macho, nenda steshenari msimu wa maombi. Mimi nilikaa kwenye benchi la steshenari moja Dar es Salaam asubuhi nzima, nikisubiri kudurufu karatasi zangu. Dada wa pale alikuwa anawajazia vijana fomu mmoja baada ya mwingine, kwa vidole vyepesi kuliko vya mhasibu. Hakuwa mkali hata kidogo. Lakini ilimbidi aulize kwa sauti, maana feni ilikuwa inapiga kelele na foleni ilifika barazani. "Mdogo wangu, baba yupo?" Kijana akajibu chinichini. "Sijasikia." "Alifariki, dada." "Mwaka gani? Cheti kimehakikiwa?" Nyuma yake walisimama watu wanane, na wote wanane walijua sasa. Dada yule akamaliza, akamwambia "Mungu atasaidia," akapokea hela yake, akaita anayefuata.

Wataalamu wanaosanifu mifumo husema "mtumiaji", wakimfikiria mtu aliyekaa peke yake na simu yake, bando limejaa. Mtumiaji halisi wa mifumo yetu mingi ni yule dada. Yeye ndiye anayejua picha ikizidi ukubwa inakataliwa, saa ngapi mtandao unakuwa mwepesi, na kumbukumbu namba ya malipo ikigoma ufanye nini. Mwombaji anaipata serikali kupitia tafsiri yake. Anayetaka kusanifu upya mfumo huu bila kukaa kwenye benchi lile atapaka rangi nyumba ambayo hajawahi kulala.

Kwamba usanifu mpya unawezekana, tuna mfano. Jimbo la Michigan, Marekani, lilikuwa na fomu ya kuomba misaada ya serikali, DHS-1171, yenye kurasa 42, maneno takribani 18,000 na maswali zaidi ya 1,000. Mojawapo ya maswali hayo lilimtaka mzazi ataje tarehe ambayo mimba ya mtoto wake ilitungwa. Shirika lisilo la kiserikali la mjini Detroit, Civilla, liliifanyia kazi pamoja na idara husika, likiwasikiliza wanaoomba na pia maofisa wanaopitisha maombi. Mwaka 2018 fomu mpya ilianza kutumika jimbo zima, fupi kuliko ya zamani kwa asilimia 80.

Kinachonivutia katika kazi ile si ufupi. Ni kwamba walimhesabu ofisa naye kuwa msomaji. Fomu ya fedha za umma ina wasomaji wawili, anayeomba na anayeamua, na kila swali la ziada linamchosha wa kwanza wakati wa kujibu na wa pili wakati wa kupitia. Wale wasanifu walilichukua kila swali na kuuliza: jibu hili litabadilisha uamuzi gani? Swali lisilobadilisha uamuzi ni udaku wa serikali.

Hata hivyo sitaki tuishie kushangilia fomu fupi. Kenya inatuonya. Mwaka 2023 ilianzisha utaratibu mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu, wenye maombi ya mtandaoni na kipimo cha hali ya familia ambacho baadaye kiliwagawa wanafunzi katika makundi matano. Kuomba hakukuwa kugumu kama kuelewa jibu. Wanafunzi walijikuta katika kundi ambalo familia zao hazikulitambua, wakidaiwa ada ambayo hakuna nyumbani aliyeweza kuilipa, na kilio kikawa kilekile: ni nani aliyetupima, na kwa mizani gani? Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba utaratibu huo ni kinyume cha Katiba, na mvutano ukahamia kwenye rufaa. Mlango ulikuwa mpana. Giza lilikuwa ndani.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa zaidi wa andiko letu wenyewe. Sehemu ya kuuliza ni ndefu. Sehemu ya kujibu ni namba. Mwombaji aliyeeleza maisha yake yote, wafu wake wakiwemo, anafungua akaunti yake awamu ya kwanza ikitoka, ya pili, ya tatu, na anachokuta ni kiasi cha fedha au kimya. Aliyepata ada nusu hajui ni jibu lake lipi lililomshusha. Kuna dirisha la rufaa, ni kweli, lakini utakataje rufaa ya hukumu ambayo sababu zake hujasomewa? Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ili mtu aelewe anachohukumiwa. Kunyimwa mkopo hakuitwi hukumu, lakini kwa binti wa Nanjilinji mwenye barua ya kudahiliwa mkononi, ndiyo hukumu kubwa kuliko zote atakazosikia mwaka huo.

Kwa hiyo, kama kesho wasanifu watakaa kuliandika upya andiko hili, ningewaomba mambo matatu. Kwanza, taarifa ambayo ofisi moja ya serikali inayo, ofisi nyingine isimtume yatima kuifuata. Pili, kila swali liandikwe pembeni sababu yake, kwa Kiswahili cha kawaida, ili anayeulizwa kuhusu marehemu baba yake ajue kwamba jibu hilo linamsaidia. Tatu, jibu liwe na sentensi. Sentensi tatu tu zingetosha: tulichokiona kwenye maombi yako, kiasi tulichoamua na kwa nini, na la kufanya kama tumekosea.

Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mwandishi anayemheshimu msomaji wake. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi huitumia methali hiyo kama lawama. Mimi huisoma kama maelezo ya kazi: aliyeshiba akipewa jukumu la kuandika fomu ya wenye njaa, kazi yake ya kwanza ni kwenda kuwajua.